Kitabu cha hadithi na kufuli la kabati

Wengi waliosoma shule za msingi za serikali Tanzania wanalikumbuka lile kabati. Limesimama ofisini kwa mwalimu mkuu, kando ya makombe ya michezo, na ndani yake kuna vitabu vya hadithi ambavyo wanafunzi huviona wakitumwa chaki tu. Mwalimu anayelifunga hana roho mbaya. Vitabu vimeandikwa kwenye leja, mkaguzi akija atavihesabu, na kikipungua kimoja yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Namna kabati hilo lilivyopata vitabu, na lilivyopata kufuli, ni habari ya zaidi ya miaka 70.

Mwaka 1948 East African Literature Bureau, taasisi ya serikali za kikoloni yenye makao yake Nairobi, ilianza kazi chini ya Charles Richards. Ilichapa vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki, lakini pia ilihangaika na namna ya kuvifikisha kwa watu. Njia moja ilikuwa sanduku: vitabu vinapakiwa, vinapelekwa kwenye shule au ukumbi wa jamii, vinasomwa, kisha sanduku linabadilishwa kwa jingine. Njia nyingine ilikuwa posta, kwa msomaji aliye mbali. Kulikuwa na mpangilio mzuri hapo: vitabu vilitarajiwa kuzunguka, havikutarajiwa kukaa.

Mwaka 1960 Sydney Hockey, mkutubi wa taasisi hiyo, aliandika ripoti iliyopendekeza kila nchi iwe na huduma yake ya maktaba. Sheria zikafuata: Tanganyika 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, na maktaba za mikoa zikaanza kuota moja baada ya nyingine.

Muongo uliofuata nguvu kubwa ilielekezwa kwa watu wazima. Kampeni ya kufuta ujinga ilipamba moto, na mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 50 alihitaji kitu cha kusoma asije akasahau. Ndiyo maana vikaanzishwa vyumba vya maktaba vijijini, na mwaka 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho likaanza kutoka Mwanza kwa ajili ya wasomaji hao wapya. Watoto nao walifurika shuleni baada ya Azimio la Musoma la mwaka huohuo, lililoagiza elimu ya msingi kwa wote. Madarasa yakajaa, walimu wakatafutwa kwa haraka. Vitabu havikwenda na kasi hiyo.

Miaka ya 1980 hali ikawa ngumu. Fedha za kigeni zilikauka, karatasi zikaadimika, na uchapishaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa dola. Kitabu kimoja cha kiada kikawa cha dawati zima. Katika dhiki hiyo nani angekumbuka hadithi ya sungura? Kufuli la kabati likaonekana jambo la busara, kwa kuwa kilichopotea hakikuwa na mbadala.

Mabadiliko yalianza 1991. Mwaka huo ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa CODE, shirika la Kanada. Waanzilishi walielewa hesabu inayomtisha kila mchapishaji: kitabu cha picha za rangi ni ghali kukitayarisha, na gharama hiyo hupungua kwa kila nakala pale tu nakala zinapokuwa nyingi. Ukichapa chache, bei inamshinda mzazi. Ukichapa nyingi bila soko, zinakuozea ghalani.

Suluhisho lao lilikuwa la kibiashara. Mchapishaji alipeleka mswada, ukipita anachapa nakala 5,000. Mradi unanunua 3,000 kati ya hizo na kuzigawa bure kwa shule na maktaba, naye anabaki na 2,000 za kuuza madukani. Oda hiyo ya uhakika ilitosha kumwondolea hofu ya kuwasha mtambo. Kwa wakati huohuo serikali ilikuwa inaanza kulegeza umiliki wake wa uchapishaji, na wachapishaji wazalendo walikuwa wakichipuka: E & D ya Elieshi Lema na Demere Kitunga, na Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya. Semina za waandishi, wachoraji na wahariri zikafuata. Watoto wakaanza kusoma Kiswahili chenye wahusika wanaokula ugali, wanaochota maji na kugombana na kaka zao.

Baada ya miaka michache likaonekana tatizo la zamani: vitabu vilifika shuleni vikaingia kabatini. Kwa hiyo kuanzia 1997 mradi uliongeza mpango wa kukuza usomaji. Walimu walifundishwa kuanzisha maktaba ya shule na kuiendesha, na vitendea kazi vyake ni vya kawaida kabisa. Kunahitajika daftari kubwa lililopigwa mistari ya jina, darasa, kitabu, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha. Kunahitajika karatasi za kaki za kujaladia, gundi na uzi wa kushonea kurasa zilizochomoka. Kunahitajika kiranja wa maktaba wa darasa la sita anayejua nani hajarudisha. Zaidi ya yote, kipindi kimoja kwenye ratiba ambacho mtoto anasoma anachotaka bila kuulizwa maswali ya mtihani.

Majirani walikuwa na dawa yao. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwenye jamii za wafugaji wanaohamahama. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, wengine hema na mikeka. Msafara ukifika shuleni hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa, watoto wanachagua na kuazima mpaka msafara urudi.

Tanzania ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, mamilioni waliandikishwa. Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo, uliopima usomaji wa watoto, ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja tu kati ya watatu wa darasa la tatu aliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtaala wa KKK wa 2015, uliotanguliza kusoma, kuandika na kuhesabu, ulikuwa sehemu ya jibu. Lakini mtoto anayejifunza silabi saa nne akakosa hadithi ya kwenda nayo nyumbani saa nane, silabi hizo hazina pa kutumika.

Wahenga walisema akiba haiozi; vitabu vya kabatini huozeshwa na mchwa na unyevu. Kamati ya shule inayotaka kuchangia maktaba isiishie kwenye kununua vitabu. Ikubaliane na mwalimu mkuu, kwa maandishi, kwamba vichache vitapotea na vingi vitachakaa kila mwaka, na kwamba hakuna mwalimu atakayekatwa mshahara kwa hilo. Itenge fedha ya kuvifidia kama inavyotenga ya chaki. Na mwisho wa muhula, iombe kuona daftari la kuazimia kabla ya leja.