Komwe, Keram na Pedi: Mchezo ni Mali ya Nani?

Nyumbani kwangu mna vifaa vitatu vya mchezo, na kila kimoja kimetoka katika mila yake: bao la mti lenye kete za komwe, ubao wa keram ulioanza kufumuka pembeni, na mashine ya PlayStation yenye pedi mbili. Kwa mtu wa Bondeni, Mombasa, huu si mkusanyiko wa ajabu. Toka ofisi za mabasi za Abdel Nasser Road, ushike njia kuelekea Mji wa Kale, na vyote vitatu utavipata njiani, tena pengine kwenye uchochoro mmoja. Wenye navyo ndio hawasikilizani. Wazee husema gemu zinaharibu watoto, na vijana huliona bao kuwa kitu cha kuwekwa Fort Jesus kitazamwe na wageni. Mimi nacheza vyote, na ninaona ubishi huo umeshikilia jambo dogo ukaacha kubwa. Kubwa ni mamlaka: kifaa kikiharibika ni nani awezaye kukitengeneza, sheria ikichosha ni nani awezaye kuibadilisha, na mchezo ukisifiwa linatajwa jina la nani.

Nitalisema bao kwa urefu, maana ndilo kongwe na ndilo nilipendalo zaidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kete zake ni komwe, mbegu za mkomwe, kichaka chenye miiba kinachoota karibu na bahari. Ganda la komwe ni la kijivu na gumu mno. Mbegu hizi huelea majini muda mrefu bila kuoza, ndiyo sababu mkomwe umeenea katika fukwe za nchi za joto duniani kote. Chukua komwe chache uziache ziteleze kutoka kiganjani hadi vidoleni: hazigandani, hazikwami, na kila moja inayotua shimoni hutoa mlio mkavu unaosikika hadi mlango wa pili. Nimejaribu goroli za kioo na kete za plastiki. Goroli huruka nje ya shimo, na plastiki ni nyepesi, haina mlio. Anayetaka bao la kuchezea, asiwe anataka pambo la sebuleni, atafute ubao wa mti mzito ambao hautembei mezani, wenye mashimo yanayoruhusu kuzoa kete zote kwa mkupuo mmoja, na kete ziwe komwe. Mashimo membamba ya mabao wanayouziwa watalii huumiza vidole kabla mchezo haujachanganya.

Mchezo wenyewe hauna huruma kwa mvivu wa hesabu. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 katika shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 hubaki mkononi. Katika namua, hatua ya kwanza, huziingiza moja moja. Zikimalizika, mchezo unaingia kwenye hatua ya pili, mtaji. Kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Inahamia upande wa aliyekula na kupandwa huko, zamu inaendelea mpaka kete ya mwisho ilale kwenye shimo tupu. Kwa hiyo mali hubadilisha mikono usiku kucha bila kupungua, na aliyekuwa akicheka anaweza kukuta safu yake ya mbele imebaki hamna. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akachapisha kitabu juu ya namna wanavyoipiga mizunguko hiyo kichwani. Baadaye watafiti wa chuo kikuu cha Maastricht, nako Uholanzi, waliliandikia bao programu ya kompyuta, wakaonyesha kwamba ipo michezo ya bao ambayo kete zake zinaweza kuzunguka bila kufika mwisho. Mabingwa wa barazani walikuwa wakishughulika na mambo hayo kwa akili tupu na kikombe cha kahawa chungu.

Elimu yake hupitishwa kwa kukaa kando. Kijana anachungulia, anauliza, "Ami, mbona hakutakata?" Mzee hajibu mara moja, anamaliza kupanda kete zake kwanza. Kisha, bila kuinua macho: "Ana mtaji, mwanangu. Mwenye mtaji hatakati." Sheria imeshaingia, na haitatoka: mwenye nafasi ya kula, ambayo nayo huitwa mtaji, haruhusiwi kutakata, yaani kucheza bila kula. Hakuna kijitabu kilichofunguliwa, wala aliyelipa ada. Na ubishi ukizuka juu ya kutakasia, sheria ngumu kuliko zote, wanaoamua ni waliopo barazani, na uamuzi wa baraza hii si lazima uwe wa baraza ile.

Sasa liweke hilo kando ya mila ya Ujerumani, nchi inayopenda michezo ya mezani kiasi kwamba maonyesho ya Essen yamekuwa yakifanyika tangu 1983, na mchezo wa Catan, uliotoka mwaka 1995, ulimfanya mtunzi wake Klaus Teuber ajulikane dunia nzima. Huko mchezo una mwandishi, kama riwaya. Haki hiyo ya kutajwa jina ilipiganiwa. Mwaka 1988, katika maonyesho ya vitu vya kuchezea watoto ya Nuremberg, watunzi kadhaa walitia saini kwenye kipande cha karatasi ngumu cha kuwekea bilauri, wakaahidi kwamba mchapishaji asiyetaka kuandika jina la mtunzi kwenye boksi hatapewa mchezo. Naliheshimu tendo lile. Mtu aliyeumiza kichwa apewe haki yake.

Bao halina mtunzi anayejulikana. Anayejulikana ni mchezaji. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, ana shairi linalohusu bao, na yanayosifiwa mle ni maarifa ya mchezaji; aliyebuni mashimo 32 hatajwi. Mila mbili, heshima mbili. Mjerumani humtukuza aliyeandika sheria. Mswahili humtukuza aliyezijua sheria hizo kuliko jirani yake. Binafsi nauona mpango wa pili kuwa mpana zaidi, kwa sababu heshima ya kwanza ni nafasi ya mtu mmoja, ilhali ya pili iko wazi kwa kila anayekuja kukaa barazani na kuvumilia kufungwa. Lakini mpango huu nao una lake. Baraza ya bao imekuwa ya wanaume. Mama zetu na dada zetu waliufahamu mchezo kwa kuusikia kutoka dirishani, na hesabu kali walizo nazo katika biashara na katika kutunza nyumba hazikupata ubao. Anayelilia mila ya bao aikubali hasara hiyo pia.

Keram nitaipitia kwa haraka. Ilitoka Bara Hindi, ikaingia majumbani na barazani, na leo hakuna mtoto wa Bondeni anayeiona kuwa ngeni. Huko India ina taasisi zake: shirikisho la kimataifa liliundwa Chennai mwaka 1988, uwanja wa ubao umepimwa kuwa sentimita 74 kwa 74, straika, yaani kete ya kupigia, isizidi gramu 15. Kwetu vipimo hivyo havimsumbui mtu. Ubao huchongwa na seremala wa mtaani, na mara nyingi huwa mkubwa, kwa kuwa una watu wanne na nyuma yao wasemaji wanane. Kete ni tisa nyeusi, tisa nyeupe, na malkia mwekundu ambaye ukimtia shimoni huna budi umfunike kwa kete yako. Adui wa keram hapa kisiwani ni hewa. Masika yakiingia, plaiwudi hunywa unyevu na kuinuka katikati, poda ya kutelezeshea kete hugandana, na kete iliyopigwa sawasawa hupinda njiani. Ushauri wangu: usinunue ubao mwembamba hata ukipambwa vipi, ulaze bapa ndani ya nyumba ukimaliza kucheza, na poda iwe kidogo. Straika nzito huwafurahisha wenye mikono ya nguvu, lakini mchezaji wa kona huhitaji nyepesi kidogo. Na la muhimu kwa hoja yangu: ubao ukiharibika, fundi yupo mita mia moja kutoka hapa, na anaujua.

Tukifika kwenye PlayStation, hali inabadilika. Mashine ya kwanza iliuzwa Japani mwezi Desemba 1994. Ya pili, ya mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya milioni 150 na ndiyo iliyojaza vibanda vya gemu Uswahilini kwetu. Nawaomba wazee waingie kibanda kimoja wakae nusu saa. Watakuta benchi, watakuta watazamaji wanaoshauri bila kuombwa, watakuta sheria ya mshindi kubaki na aliyefungwa kupisha, watakuta mtoto wa darasa la sita akimfunza mkubwa wake namna ya kupiga frikiki. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya sebule ya familia moja huko Tokyo imegeuzwa baraza. Walioigeuza ni vijana hawa hawa tunaowaambia wameacha mila.

Pedi nayo inastahili kusemwa, maana ndiyo inayokufa kwanza. Chini ya kila kijiti cha pedi ya kawaida kuna vipande viwili vyenye utepe wa kaboni, na ulimi mdogo wa chuma unaosugua juu yake kila unaposukuma. Kaboni inalika. Mwishowe mchezaji wako anatembea mwenyewe kuelekea kushoto na hujamgusa. Kibandani, ambako pedi haipumziki tangu asubuhi, na hewa ya chumvi inapenya kila tundu, siku hiyo hufika mapema. Mafundi wetu hufungua, hutoa kijiti kibovu, hutia lehemu na kuweka kingine, na kazi yao ni safi. Hata hivyo, mwenye uwezo atafute pedi inayotumia sumaku badala ya kaboni: vipande havigusani, kwa hiyo haviliki. Teknolojia hiyo si mpya. Kampuni ya Sega iliitumia kwenye mashine yake ya Dreamcast mwishoni mwa miaka ya 1990. Mpaka leo pedi nyingi zinazouzwa bado ni za kaboni, na anayelipia vijiti vipya ni mtumiaji.

Pedi inatengenezeka, basi. Mchezo wenyewe ndio usiotengenezeka. Gemu ya FIFA ilianza mwaka 1993, na kwa miaka 30 jina hilo lilimaanisha mpira wa kwenye skrini. Mwaka 2023 mkataba wa jina ulikuwa umekwisha, gemu ikaitwa EA Sports FC, na matoleo ya FIFA yaliyokuwa yakiuzwa kwenye maduka ya mtandaoni yakaondolewa. PES, gemu nyingine ya mpira, ambayo iliwaruhusu wachezaji kubadilisha majina ya timu na jezi wapendavyo, ilikoma. Mwaka 2021 kampuni yake, Konami, ikaleta eFootball mahali pake, ya bure kuanza, ila inayotegemea mtandao na mitambo ya kampuni. Mitambo hiyo ikizimwa, hakuna ami atakayekaa kando yako kukufundisha. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema gemu ni bao la kisasa. Namna ya kukaa ni ile ile, vicheko ni vile vile, lakini kauli ya mwisho haiko barazani. Iko ofisini kwa watu wasiojua kwamba Bondeni ipo.

Wala sisemi tuizime mashine. Imefanya ambalo bao halikuweza. Msichana wa Kuze hucheza kwa simu yake chumbani bila kuomba ruhusa ya baraza yoyote, na ndugu aliyehamia Muscat kutafuta riziki huunganishwa na mdogo wake wa Mombasa kila wikendi, wakatukanana kwa mapenzi kama zamani. Faida hizo nazitaka zibaki.

Ninachokitaka zaidi kinawezekana kabisa. Kenya ina waandishi wa gemu. Mchezo wa Nairobi X wa Andrew Kaggia ulitoka mwaka 2015, na wengine wamefuata. Lamu, katika tamasha lake la utamaduni, bado hushindanisha wachezaji wa bao. Kati ya watu hawa wawili, mwandishi wa programu na bingwa wa Lamu, hakuna umbali wa kutisha. Waketi pamoja waandike bao la Kiswahili kamili, lenye namua na mtaji, lenye nyumba na kutakasia, si lile bao la watoto lililorahisishwa. Lichezwe bila mtandao, na kwa mtandao pia, ili wa Muscat na wa Bondeni wakutane. Na faili lake liwe wazi, baraza ikiamua sheria yake iweze kuiandika yenyewe bila kuomba kibali cha kampuni. Enyi waandishi wa programu wa Mombasa na Nairobi, mabingwa wanazeeka. Nendeni mkae nao mwaka huu, na mchukue madaftari.