Dawa Iliyotoka Udongoni

Udongo umezoeleka kutajwa kuwa ndiko atokako binadamu na ndiko arejeako. Ni nadra kutajwa kuwa pia ni ghala ya dawa. Na ghala hiyo ilipofunguliwa, ilizua tiba na ugomvi kwa pamoja.

Ndani ya gao moja la udongo huishi bakteria wasiohesabika, wakigombea chakula na nafasi. Baadhi yao hutoa kemikali zenye kuwaua au kuwadumaza jirani zao. Silaha hiyo ndiyo aliyoisaka Selman Waksman, bingwa wa viumbe vya udongo katika chuo cha Rutgers, Marekani. Mwezi Oktoba 1943, mwanafunzi wake, Albert Schatz, kijana wa miaka 23, akifanya kazi katika maabara ya chini ya ardhi, alimpata Streptomyces griseus katika udongo wa shamba lenye samadi nyingi. Na aina nyingine ya bakteria huyohuyo ilipatikana kooni mwa kuku. Dawa ikaitwa streptomaisini. Makala ya 1944 iliyoitangaza ilibeba majina 3: Schatz, Elizabeth Bugie, na Waksman mwisho.

Penisilini haikufua dafu mbele ya kifua kikuu, streptomaisini ilifua. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa 1948, wagonjwa 55 walipewa dawa hiyo, na 4 wakafariki katika miezi 6. Miongoni mwa 52 waliopewa mapumziko ya kitandani tu, walifariki 14. Hata hivyo, viini vilijenga usugu upesi, ikabidi dawa zichanganywe.

Mrabaha ulipoanza kumiminika, Schatz alikwenda mahakamani mwaka 1950. Suluhu ilimtambua kuwa mvumbuzi mwenza, akapewa asilimia 3. Lakini Tuzo ya Nobel ya 1952 ilibeba jina moja tu: Waksman.

Matunda ya udongo yalifika Afrika Mashariki pia. Katika miaka ya 1970, wagonjwa wa huku walishiriki majaribio yaliyofupisha tiba ya kifua kikuu hadi miezi 6, kwa kuchanganya streptomaisini na dawa nyingine, ikiwemo rifampisini, nayo asili yake ni bakteria wa udongo. Hao waliopona hawakuulizwa kama wanamjua Schatz. Lakini deni halifutwi kwa mdaiwa kutolijua jina la mdai.