Matangi Yaliyojengwa Ili Yapasuke

Boca Chica, Texas, Marekani, 2020

Mwanzoni mwa 2020, kwenye ufuko huu, kampuni ya SpaceX ilijaza matangi ya chuma cha pua yenye kipenyo cha meta 9 hadi yakapasuka. Haikuwa ajali. Mafundi walitaka kujua mshono wa kuchomelea utaachia wapi, na kwa shinikizo gani.

Tangi la kwanza, Januari 10, lilifika bar 7.1. Roketi ya Starship, iliyokuwa ikitengenezwa kwa matangi kama hayo, ilihitaji shinikizo la takriban bar 6 ili kuizunguka dunia (tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na ushei). Ikibeba watu, ilitakiwa kuhimili mara 1.4 ya hizo, karibu 8.5. La pili lilivuja kwenye bar 7.5, likazibwa, kisha Januari 28 likajazwa nitrojeni ya kimiminika, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri. Lilipasuka kwenye 8.5. Nitrojeni haiwaki, lilitoka wingu jeupe tu, bila moto.

Februari 28 likapasuka tangi la SN1, chombo cha majaribio cha Starship, kwenye mshono wa chini, sehemu ya kubebea msukumo wa injini. Kupasuka huko hakukukusudiwa.