Chuma na Majina ya Wafalme

Tangu kale wafalme hupenda kuandika majina yao juu ya chuma, kwa sababu chuma hakiraruki kama kitambaa wala hakiungui kama karatasi. Lakini hata chuma huweza kukwanguliwa. Jambo hilo tunalifahamu vizuri tukitazama panga za zamani na alama za vyeo vya kiaskari za Urusi na za nchi za Balkani, ambazo watu wengi wa Ulaya na Marekani huzikusanya kwa upendo mkubwa. Wengine huzihesabu kuwa mapambo ya ukutani tu. Sisi twasema kwamba zinasomwa kama kitabu, na mtu asiye mwangalifu huweza kufuta kurasa zake.

Tuanze na upanga wa Warusi uitwao shashka. Si wao walioubuni. Waliupata kwa watu wa milima ya Kaukazi, hasa Wacherkesi, ambao kwa lugha yao jina hilo lina maana ya kisu kikubwa. Huvaliwa makali yakitazama juu, ili mtu auchomoe na kukata kwa tendo moja. Warusi walipigana na watu wa Kaukazi miaka mingi, kisha wakachukua silaha yao. Mwaka 1881, zamani za Kaisari Alexander III, jeshi lilipewa shashka za namna mpya: ile ya Wakosaki haina kinga ya mkono, ile ya wapanda farasi wengine inayo. Nyingi zilifuliwa Zlatoust, mji wa milima ya Ural wenye jina la Mtakatifu Yohane Krisostomo, yaani Kinywa cha Dhahabu. Kiwanda chake cha silaha kilianzishwa mwaka 1815, na mafundi Wajerumani wa Solingen waliitwa kufundisha kazi.

Je, upanga kama huo husomwa namna gani? Kwanza, tazameni mwaka uliopigwa kwenye bapa karibu na mpini. Pili, tazameni namba za kikosi. Tatu, kwenye upanga wa ofisa, tafuteni herufi za jina la mfalme chini ya taji: N na II ni Nikolai wa Pili, aliyetawala tangu 1894 hata 1917. Na mpini ukiwa na alama ndogo nyekundu yenye msalaba, hiyo ni nishani ya Mtakatifu Anna ya daraja la nne, ambayo ofisa alipewa kwa ushujaa vitani.

Mabegani ofisa alivaa pogoni, vipande vya kitambaa vyenye nyuzi za dhahabu au za fedha. Mstari mmoja ulionyesha ofisa wa chini, miwili ofisa wa juu. Jenerali hakuwa na mstari. Mwezi wa Desemba 1917 serikali mpya ya Wabolsheviki iliondoa vyeo na pogoni zote. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, kukutwa na kitambaa hicho kuliweza kumletea mtu kifo. Watu walizificha au kuzichoma moto. Kwenye panga nyingi taji na herufi za Kaisari zikasuguliwa kwa tupa. Lakini Januari 1943, vita vya Stalingrad vikiwa bado vinaendelea, Stalin mwenyewe aliwarudishia askari wake pogoni. Kitu kilichoua watu kikawa tena heshima!

Serbia nayo ina mfano wake. Baadhi ya maofisa wake walichukua panga zenye herufi za mfalme wao. Mwezi wa Juni 1903, mjini Belgrade, maofisa waliingia usiku katika jumba la Mfalme Alexander Obrenović, wakamwua pamoja na mkewe Draga. Petar Karađorđević akawekwa mahali pake, na jina lake likachukua nafasi kwenye silaha. Basi, jina juu ya upanga si kiapo cha moyo.

Kwa hiyo twawaambia wakusanyaji: msisugue kutu mpaka chuma king'ae, wala msimpe fundi kazi ya kuchora upya taji lililofutwa. Wauzaji wengine hufanya hivyo ili bei ipande. Wengine huunga bapa la mwaka mmoja na mpini wa mwaka mwingine. Mtu akirudisha taji, amefuta mwaka 1917. Alama ya tupa ni ushuhuda wa mtu aliyeogopa, au aliyechukia, na ushuhuda huo hauna mwingine wa kuuandika. Pakeni mafuta kidogo, andikeni kitu kilitoka wapi na kwa nani, kisha kiacheni na kovu lake.