Haisomi, Haisomeki, Hazisomani

Katika ofisi za uchoraji wa majengo jijini Arusha, kuanzia vyumba vya ghorofani karibu na Mnara wa Saa hadi maduka ya steshenari ya Sakina na Kijenge, kuna sentensi ambayo msomi wa sarufi angeitilia shaka: "2010 haisomi 2018." Mgeni atadhani ni hesabu iliyokosewa. Mchoraji haulizi. Maana yake ni kwamba AutoCAD ya mwaka 2010 imeletewa faili lililohifadhiwa kwa AutoCAD ya mwaka 2018, nayo imekataa kulifungua. Mhandisi anasubiri kupiga mahesabu ya nguzo, mkadiriaji majenzi anasubiri kupima kuta, mwenye nyumba anaulizia ramani yake, na miaka miwili imesimama katikati haisalimiani.

Sentensi hiyo haikutungwa na kamati. AutoCAD ilianza kuuzwa Desemba 1982 na mpaka leo haijawahi kuzungumza Kiswahili. Programu za ofisini zilipata bahati: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, Microsoft nayo ikaleta Kiswahili chake, na tukapata maneno ya kuandikia barua na kupanga majedwali. Programu za kuchorea nyumba hazikufikiwa. Hata mashairi yalipata mtu wa kukaa chini na kuyawekea utaratibu. Sheikh Amri Abeid, ambaye Arusha inamkumbuka zaidi kwa uwanja wa mpira wenye jina lake, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na vina na mizani tunavihesabu kwa utaratibu wake. Mchoro wa nyumba haukupata sheikh wa namna hiyo. Wachoraji wamejitungia wenyewe, kwa haraka, faili likiwa limegoma na mteja amekaa kwenye benchi.

Mimi nadhani wametunga vizuri kuliko wataalamu.

Tuangalie wataalamu wanatupa nini. Kwa hali ya programu au faili kufanya kazi pamoja na jingine, yapo maneno matatu yanayogombea nafasi. La kwanza ni uoanifu. Simu iliyowekwa Kiswahili humwambia mwenyewe kwamba programu fulani haioani na kifaa chake. La pili ni upatanifu. La tatu ni utangamano, ambalo hapa Arusha lina uzito wake, kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa na ndugu yake, mtangamano, ndilo neno la hotuba zake zote. Yote matatu ni mazuri kusikika. Yote matatu pia yamejengwa juu ya kiambishi kimoja, -an-, kile cha kutendana: kuoana, kupatana, kutangamana. Mimi nakupa, wewe unanipa.

Hapo ndipo yanapokosea. Kati ya matoleo ya programu ya kuchorea hakuna kutendana. AutoCAD 2018 inalifungua faili la 2010 bila maneno. 2010 hailifungui la 2018. Njia ni ya upande mmoja. Na Kiswahili, katika jambo lilelile la ndoa walilokopa watunga uoanifu, kinajua sana upande: kuna anayeoa, kuna anayeolewa, na sarufi haiwachanganyi. Ukileta -ana umefuta habari yenyewe iliyomleta mtu kuuliza. Anayeambiwa kwamba faili na programu "havioani" hajui kama atafute programu mpya zaidi au amwombe mwenzake alihifadhi upya faili. Anayeambiwa "2010 haisomi 2018" anajua nani hawezi, hawezi nini, na kazi iko kwa nani.

Kuna ugumu mwingine uliojificha ndani ya neno toleo. Tumelirithi kutoka kwa wachapishaji wa vitabu na magazeti, na huko halina tatizo: mwenye toleo la kwanza la kamusi hashindwi kulisoma la pili. Kwenye michoro neno hilo hubeba vitu viwili kwa pamoja. Programu yenyewe hutoka mpya kila mwaka, lakini namna faili lake, DWG, linavyopangwa ndani hubadilika kwa nadra. Baada ya mwaka 2000 ilibadilika 2004, 2007, 2010, 2013 na 2018, basi. AutoCAD ya 2011 na ya 2012 zote huandika kwa mpangilio wa 2010, kwa hiyo hizo mbili, pamoja na 2010 yenyewe, zinasomana kwelikweli, na kiambishi cha kutendana kinapata haki yake. Ya 2019 na ya 2021 vivyo hivyo, kwa mpangilio wa 2018. Wanaisimu wa kompyuta wana neno la mpangilio huo, umbizo, ambalo ni zuri na lina mzizi wa kuumba ndani yake. Sijawahi kulisikia likitamkwa na mtu mwenye karatasi ya A1 mkononi. Wachoraji husema fomati, au wanataja mwaka tu.

Anayetaka kuhakikisha umbizo halazimiki kubahatisha. Lifungue faili la DWG kwa programu ya maandishi matupu kama Notepad. Utaona takataka za alama zisizo na kichwa wala miguu, lakini herufi sita za mwanzo zinasomeka: AC1015 ni umbizo la 2000, AC1018 la 2004, AC1021 la 2007, AC1024 la 2010, AC1027 la 2013, AC1032 la 2018. Kila faili limevaa tarehe ya kuzaliwa kwake shingoni, na wengi wetu hatujawahi kuitazama. Badala yake faili linatumwa upya kwa barua pepe, kisha kwa WhatsApp, kisha linaletwa kwa flashi, na mwishoni flashi inasingiziwa virusi.

Lawama hiyo imetokana na programu yenyewe. Matoleo ya zamani ya AutoCAD yakikutana na faili la umbizo lisilojulikana hutoa ujumbe wa Kiingereza ambao kwa lugha yetu ni kwamba faili la mchoro si halali. Si halali! Neno zito hilo kwa msemaji wa Kiswahili. Nakala ya programu ambayo pengine haikulipiwa hata shilingi inalihukumu faili lililotengenezwa kwa leseni kamili. Faili ni zima. Aliyeshindwa ni msomaji. Na hapa ndipo napenda sana jinsi vinyambuo vyetu vinavyogawana kazi. Programu *haisomi*: uwezo wake umeishia hapo. Faili *halisomeki*: limeharibika, na hata programu ya mwaka huu haitalifungua. Mtu akisema halisomeki ilhali alitaka kusema haisomi, ametuma watu kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Ningekuwa mwalimu katika Chuo cha Ufundi Arusha ningelianza somo la kompyuta kwa vitenzi hivyo viwili, kabla ya kuwasha mashine.

Kwa programu nyingine upande mmoja ni mkali zaidi. Revit, ambayo Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, waliinunua mwaka 2002, haina kabisa njia ya kuhifadhi faili kwa toleo la nyuma. Faili la 2022 likifunguliwa na 2024 linapandishwa, na likishahifadhiwa humo ndiyo basi, aliyebaki na 2022 amefungiwa nje ya kazi aliyoianza mwenyewe. ArchiCAD ya Graphisoft, kampuni iliyozaliwa Budapest mwaka 1982, inakubali kushuka ngazi moja: toleo lililotangulia, si zaidi. Ofisi mbili zilizoachana matoleo manne itabidi zipite ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikihitaji mtu mwenye toleo la kati.

Njia ya kuukwepa mzozo ipo, na ina jina linalonifurahisha. Ni umbizo sanifu, lisilofungwa kwa programu moja: kwa majengo ni IFC, iliyopewa namba ISO 16739. Sanifu ni neno lililotoka Kiarabuni, kwenye kupanga na kutunga, nasi tumelipa kazi mbili ambazo hapa zinakutana: usanifu wa majengo, na Kiswahili sanifu. Bodi inayosajili wataalamu wa majengo imechagua kujiita ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na simlaumu aliyechagua, ingawa msanifu kwangu ana heshima zaidi ya mbunifu; kubuni hata mwongo hubuni. Hata hivyo IFC hubeba jengo vizuri kuliko inavyobeba mchoro, na anayetaka kuendelea kuchora palepale mwenzake alipoachia kwa kawaida bado atataka faili la asili.

Kwa hiyo tunarudi kwenye kuhifadhi kwa umbizo la zamani, na kwenye neno la mwisho linalonisumbua. Wafasiri wanasema upatanifu wa kurudi nyuma. Wachoraji hawarudi nyuma, wanashuka: "shusha faili", "iweke ya chini". Katika mji uliotandazwa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru hilo halishangazi. Hapa watu huelekezana kwa juu na chini, Ilboru ni juu, Njiro ni chini, na mlima wenyewe, mita 4,566, hauachi nafasi ya kubishana juu iko wapi. Toleo jipya liko juu, la zamani liko chini, na kushusha ni kumfuata mwenzako alipo. Asiye na AutoCAD mpya ya kushushia anaweza kutumia DWG TrueView, ambayo Autodesk huitoa bure na ambayo hubadilisha umbizo bila kuchora chochote.

Tatizo ni kwamba kushusha kumeshapata kazi nyingine mtaani: kutoa kitu intaneti na kukiweka kwenye simu au kompyuta. Vitabu husema kupakua, vijana husema kushusha, na ukimwambia msaidizi wa ofisi "shusha lile faili" anaweza kufungua barua pepe badala ya AutoCAD. Wachoraji wamelitatua hilo pia bila kuitisha kikao: wanatia mwaka baada ya kitenzi. "Shusha mpaka 2010" ni umbizo. "Shusha" peke yake ni intaneti.