Historia ya Gari la Daktari Fuchs

Zamani hizo tajiri hakununua gari zima. Alinunua fremu yenye injini, magurudumu na usukani, akaipeleka kwa fundi bodi aliyemchagua mwenyewe, kama mtu anavyopeleka kitambaa chake kwa fundi cherehani. Aliyeona mabasi yetu yanavyoundwa, fremu ikishushwa melini na bodi ikachomelewa kwenye karakana za huku, ataelewa upesi. Ila mafundi wa Ulaya kati ya vita viwili vya dunia walianza na mbao: walichonga mifupa ya mti mgumu, ndipo wakaivika mabati yaliyofinyangwa kwa nyundo.

Ettore Bugatti, mzaliwa wa Milan wa mwaka 1881, alifungua kiwanda chake Molsheim, Alsace, mwaka 1909. Jina alilipata kwa magari mepesi ya mashindano. Kisha akataka kuunda gari la wafalme, akaliita Royale. Injini yake ilikuwa na silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa lita 12.7 kwa jumla. Gari zima lilizidi mita 6 kwa urefu na tani 3 kwa uzito. Kifuniko cha radieta kilibeba sanamu ya tembo aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kazi ya ndugu yake Rembrandt Bugatti, mchongaji aliyefariki mwaka 1916.

Nia ilikuwa kuunda magari 25. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaporomoka, na wafalme hawakuja. Wateja wa nje walinunua magari 3 tu. Injini nyingi zilizobaki zikafungwa kwenye magari ya reli ya Ufaransa, zikabeba abiria wa kawaida. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo zilipofanya kazi yake kubwa kuliko zote.

Mmoja wa wateja hao 3 alikuwa Josef Fuchs, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Nuremberg, Ujerumani. Fremu yake, namba 41121, ilipelekwa Munich kwa Ludwig Weinberger. Huyu hakuwa na sifa ya mafundi wakubwa wa Paris, lakini alichokitoa mwaka 1932 kinastahili kutazamwa polepole: gari la milango miwili, paa la turubai la kukunja, boneti ndefu kama mtumbwi, rangi nyeusi yenye mapambo ya njano. Ukubwa wa kutisha ule, naye akaupa mistari mitulivu. Nyundo ya Weinberger ilijua kunyamaza, na ndiyo maana gari hilo ninalipenda kuliko ndugu zake.

Hali ya kisiasa Ujerumani ilipochafuka, daktari aliondoka nchini na gari lake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 wote wawili walikuwa New York, na huko baridi ililikuta gari nje na maji ndani ya injini. Maji yakigeuka barafu hutanuka, wala chuma hakiyazuii. Bloku ikapasuka. Kwa gari jingine fundi angeweza kutenganisha kichwa cha silinda na bloku, akashughulikia upande ulioharibika. Bugatti alivimimina viwili hivyo kuwa kipande kimoja, hata kusaga valvu tu kulihitaji kushusha injini na kuifungua. Basi gari likaachwa, na mwishowe likafika kwenye uwanja wa vyuma chakavu, mtaa wa Bronx. Hiyo ilikuwa miaka ya vita, chuma kilipokuwa kikitafutwa kila kona ya Marekani ili kiyeyushwe.

Aliyeliokoa ni Charles Chayne, mhandisi mkuu wa Buick, ambaye baadaye alisimamia uhandisi wote wa General Motors. Alilinunua kwa bei ya chakavu, akaliingiza karakana. Bloku ikatengenezwa. Kabureta moja ya asili akaiondoa, akaunda njia mpya ya hewa yenye kabureta 4. Breki za nyaya akaziacha, akafunga za mafuta. Rangi nyeusi ikafutwa. Gari likawa jeupe kama maziwa, na pambo la kijani kizito. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1947, mwaka ule ule Ettore Bugatti alipofariki Paris.

Wapo warekebishaji wa leo ambao wangemshutumu. Kwao, gari la kale hurudishwa hadi lilipokuwa siku ya kutoka kiwandani, parafujo kwa parafujo. Naiheshimu kazi yao, lakini katika jambo hili nasimama na Chayne. Hakuwa akitayarisha kitu cha kuonyesha. Alitaka kuliendesha gari la tani 3 katika barabara za watu na kulisimamisha salama, na aliliendesha. Anayeziondoa kabureta zile ili kurudisha ya asili atakuwa amemfuta mtu ambaye bila yeye pasingekuwa na gari la kubishania.

Royale 6 zipo hadi leo, na mwaka 1985 zilikusanywa pamoja Pebble Beach, California. Hii ya Fuchs, Chayne na mkewe waliitoa zawadi katika miaka ya 1950 kwa jumba la makumbusho la Henry Ford, Dearborn, Michigan. Iko huko, nyeupe na kijani, na umma unaruhusiwa kuiona.