Dhahabu ya Kilwa Mjini Lisbon

Mhudumu wa mkahawa alikuja na kitambaa, akapangusa makombo na kumwambia mwenzake kitu ambacho ndani yake nilisikia "mesa". Nikageuka kama niliyeitwa. Siku zote za likizo yangu Lisbon nilikuwa nikiokota maneno ya nyumbani njiani: bandeira juu ya ngome, vinho kwenye bilauri, igreja kila mtaa. Hilo la mwisho kwao ni kanisa. Kwetu limekuwa gereza.

Mji huu nimeupenda, sitaficha. Vilima vyake vinachosha miguu, lakini ukifika juu unaona mapaa mekundu yakishuka hadi mto Tejo, mpana mithili ya bahari. Kuta zimevikwa vigae vya buluu. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, kisha mawimbi na moto, viliangamiza sehemu kubwa ya mji, ila monasteri ya Jerónimos kule Belém ilinusurika. Humo amelala Vasco da Gama katika jeneza la mawe.

Siku ya mwisho nilikwenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Ndani ya kabati la kioo imesimama monstransi ya dhahabu, ile ambayo Wakatoliki huwekea Ekaristi, iliyokamilika mwaka 1506. Kazi yake inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka hostia, kila mmoja na sura yake na ndevu zake, nguo zimetiwa rangi. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Niliinama kusoma maandishi ya kwenye kitako. Herufi zimebanana, lakini neno moja halikunipita: QILVA.

Ni Kilwa yetu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya kisiwa, akatishia mji kwa mizinga mpaka Amiri Ibrahim akakubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilichimbwa bara, ikapitia Sofala, na ndiyo iliyoijengea Kilwa msikiti wake mkubwa na fahari aliyoishuhudia Ibn Battuta mwaka 1331. Mfalme Manuel aliamuru ifuliwe chombo cha ibada, na maandishi yale yanakiri waziwazi ilikotoka. Kodi haikuikinga Kilwa: Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari, wakapora mji na kujenga ngome ufukweni.

Watu walipita nyuma yangu, wakapiga picha, wakaenda. Mimi sikuweza kuondoka. Nilikuwa nikiwatazama wale mitume, nikijaribu kukisia mkufu wa nani uliyeyushwa kupata kidole kile, na bangili ya nani ndiyo ndevu zile.